Watu wa Kwenye Mchoro Hawavai Vikwembe

Ninyi mnaojifunza kuchora hapa Kamembe mmenitumia ujumbe kwamba mnataka kujua tulivyochora michezo ya kuzunguka kabla ya mashine zenu kuja. Nimekubali kuandika. Maneno matamu msitegemee. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, nikatoka. Mwandiko wangu umetoka chuo cha Kurani, kwenye ubao na wino wa masizi. Palipo na kosa la herufi, rukeni mwendelee.

Kwanza mjue kazi yenyewe, maana hata majirani zangu hawakuielewa. Nilichora vitu ambavyo bado havijakuwepo. Patroni, bosi wangu, alikuwa na michezo ya kuhamahama: farasi wa kuzunguka, viti vya minyororo, nyumba ya giza, jukwaa la mazingaombwe. Tulikwenda nayo Bugarama wakati wa mavuno ya mpunga, tukarudi Kamembe, mara nyingine tukavuka kwenda Bukavu. Baadaye akapata uwanja wake kule chini karibu na ziwa. Yeye alikuja na maneno tu. “Maman Zaina, nataka bantu bazunguke sawa vile wako ku maji, lakini basilowe.” Mimi nachora. Fundi anaangalia mchoro, anakata chuma. Kati ya maneno ya Patroni na chuma cha fundi nilikaa mimi, miaka zaidi ya ishirini, juu ya mkeka, na makaa mkononi.

Wengine huona hiyo ni kazi ya raha. Mimi haikunipa raha. Mpaka leo siwezi kupita mahali penye kitu kinachozunguka, hata kinu cha kusagia mahindi, bila kuangalia nguo ya aliyesimama karibu. Binti yangu Zaina ananicheka. Acha acheke. Nitawaeleza kwa nini, lakini taratibu, kwa sababu kuna mambo ya kazi nataka myajue kabla.

Aliyenifundisha ni Mzee Sudi, aliyeandika majina ya maduka na kuchora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi. Mume wangu alipofariki nikabaki na Zaina mdogo, nikamwendea Mzee kuomba kazi ya kuosha brashi. Siku moja akaniona nachora birika ukutani kwa kidole kilicholowa rangi. Akasema, “Kumbe weye muntu wa mukono.” Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuajiriwa.

Karatasi yetu ilikuwa mfuko wa simenti. Unafumua ule uzi bila kukata, uzi unautunza, utakufaa kufungia. Mfuko una karatasi zaidi ya moja. Ya ndani kabisa ina vumbi, hiyo unafungia maharage au unatupa. Ya katikati ndiyo ya kazi. Unaikung'uta nje, mbali na watoto, vumbi lile linakaa kifuani. Unailowesha kidogo, unaipiga pasi ya makaa, inakuwa laini kama ngozi ya ndama. Makaa ya kuchorea ni ya kijiti chembamba kilichoungua polepole ndani ya kopo lililofungwa, si yale ya jikoni, yale yanachana karatasi. Ukimaliza, chukua maji ya mchele uliochemka, mchele wa Bugarama una unga mzuri, yajaze mdomoni, uyapulize juu ya mchoro kama mvua ya ukungu. Yakikauka, makaa hayatoki tena. Mchoro wangu wa kwanza niliupulizia maji ya mchele yenye chumvi. Mbuzi wa jirani akaula wote, mpaka kwenye sahihi. Mzee Sudi alisema ni mtu wa kwanza kuupenda.

Lakini la muhimu zaidi alilonipa si hilo. Mzee hakuwa anaanza na mashine. Alianza na muntu. Anachora kwanza mama mnene wa soko, na vikwembe vyake viwili, kimoja kiunoni, kimoja cha kubebea mtoto, na mtoto mwenyewe mgongoni, na kikapu. Uso haweki. “Uso ni wa Mungu,” alisema. “Nguo ni ya fundi wa cherehani, hiyo tunaiweza.” Mama huyo akishakaa kwenye karatasi, ndipo anamchorea kiti chini yake, halafu chuma chini ya kiti. Mashine inamfuata muntu.

Alinikalisha asubuhi nyingi mahali pa kupandia mitumbwi ya kwenda kisiwa cha Nkombo, niangalie tu, bila makaa. Jioni ananiuliza, “Mama akiingia mu mutumbwi, mukono ya kwanza inashika nini?” Nikasema inashika ukingo wa mtumbwi. “Rudi kesho ukaangalie muzuri.” Nikarudi siku tatu. Mkono wa kwanza unashika kikwembe. Wa pili ndio unashika mtumbwi. Wengi wenu hamjui hilo, na mna mama nyumbani.

Nilikosea mara nyingi, makosa mengine ya kuchekesha. Patroni alitaka tembo mkubwa langoni, masikio yakipepea. Mimi tembo sijamwona. Nilimtoa kwenye picha iliyokuwa juu ya sanduku la sabuni, nikamwongezea masikio kwa sababu nafasi ya karatasi ilibaki. Fundi seremala akayatengeneza kama nilivyochora. Upepo wa ziwa ulipokuja, sikio moja liling'oka, likaruka likaangukia banda la muuza mihogo. Yule mama akalitumia kama paa msimu mzima, akakataa kulirudisha. “Tembo yenu akuje alichukue mwenyewe!”

Mara nyingine nilichora mlango wa nyumba ya giza kuwa kinywa cha nyoka. Nilijiona fundi kweli. Wakaja wamama kutoka Nzahaha, wamevaa vizuri, tikiti mkononi. Wakaangalia kile kinywa. Wakakaa chini nje. Nikawaomba waingie. Mkubwa wao akaniambia, “Mwanangu, nyoka tunamukimbia ku shamba kila siku. Leo nivae nguo ya misa nimuingie mu kinywa?” Nikajifunza kwamba hofu inayomfurahisha mtu wa mjini haimfurahishi mtu wa shamba.

Katalogi. Hapo ndipo shida yangu ilipoingia.

Mzee Sudi alishafariki, Mungu amrehemu. Patroni akarudi kutoka safari na hiyo katalogi, kitabu kinene cha picha za michezo ya Ulaya, karatasi zinang'aa unaona uso wako. Humo mlikuwa na kila kitu: magari ya kugongana, gurudumu kubwa, mitumbwi inayopanda na kushuka. Na watu. Watu wembamba, wamekaa wima, wanacheka kwa meno. Patroni akasema michoro yangu ni mizuri lakini watu wangu ni wazito, hawana uso, wanaonekana kama magunia yanayosafiri. Tajiri aliyetaka kuweka mali yake katika uwanja alitaka kuona furaha. “Chora bale ba mu katalogi, Maman. Bale banapendeza.”

Nikaona nimepata njia fupi. Mtu wa Mzee Sudi ananichukua asubuhi nzima. Hawa wa katalogi nikaweka karatasi ya mafuta juu yao, nikafuata mistari, nikawa nao tayari: mwanamume, mwanamke, watoto wawili. Nikawakata, nikawa nawahamisha kutoka mchoro mmoja hadi mwingine. Nikawa nachora haraka mara tatu kuliko zamani. Nikasifiwa. Sikuona kwamba wote wanne wamevaa suruali.

Mchezo mkubwa wa uwanja mpya ulikuwa mitumbwi ya sambaza, ile ya kuvulia dagaa wa ziwa letu. Wazo lilikuwa langu, nalo nililipenda, siwafichi. Nilikwenda Nkombo asubuhi wavuvi wanaporudi, nikachora mitumbwi yao ilivyofungwa mitatu mitatu na ile miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kama sharubu. Mama mmoja aliyekuwa anaanika sambaza akaniinamia begani. “Mutumbwi nauona. Maji iko wapi?” Nikamwambia maji hayatakuwepo, mitumbwi itazunguka juu ya chuma. Akaniangalia kwa huruma. “Pole, mama.”

Mchoro ulikuwa hivi. Katikati nguzo, na juu yake taa kama za wavuvi. Kutoka kwenye nguzo mikono ya chuma inavuta mitumbwi. Kila mtumbwi uko juu ya magurudumu manne ya chuma yanayokimbia kwenye reli ya duara, na reli ina vilima vidogo ili mtumbwi upande na kushuka kama kwenye mawimbi. Mtumbwi wenyewe chini, ukingo chini, ili hata mzee aingie bila kupandishwa. Na magurudumu niliyaweka nje, ubavuni, yaonekane. Niliyapaka nyekundu na manjano, kila moja kama jua.

Papa Hamisi, fundi wetu wa kuchomelea, ambaye nilifanya naye kazi tangu farasi wa kwanza, aliangalia akakuna shingo. “Haya magurudumu niyafunike na bati?”

“Ukiyafunika itakuwa sanduku. Bantu banalipa kuona sanduku?”

“Miye nauliza tu.”

“Yaache nje.”

Akayaacha nje. Fundi hachomelei ulichokuwa nacho kichwani. Anachomelea ulichochora.

Mitumbwi ikajaribiwa juma zima. Kwanza kwa magunia ya mchanga. Halafu kwa wafanyakazi, wote na ovaroli zao. Halafu Patroni mwenyewe akapanda, mikono ya shati imekunjwa, akazunguka akipiga makofi. Hakuna kilichogoma. Ufunguzi ukawekwa siku ya Idi, kwa sababu siku hiyo Kamembe yote inatoka nje, Waislamu na Wakristo, na wa mashambani wanashuka kuona.

Siku moja kabla ya Idi, baada ya adhuhuri, nilikuwa nyumbani namalizia nguo ya Zaina kwenye cherehani. Zaina akaja akainama kuangalia pindo. Alikuwa amejaribu mtandio wake mpya, mrefu, mwepesi. Ncha ikaangukia kwenye gurudumu la cherehani, na mguu wangu ulikuwa bado unakanyaga. Gurudumu likauvuta. Kichwa chake kikashuka kikagonga meza.

Akacheka. “Maman, iko nini? Ni kitambaa tu.”

Mimi sikucheka. Nilitoa mguu, nikakata uzi, nikabaki naangalia lile gurudumu. Niliwaona wote: watu wangu wanne wa katalogi, wamekaa wima kwenye mitumbwi, suruali zao zimebana, hakuna kinachoning'inia. Hakuna kikwembe. Hakuna mtandio. Hakuna mtoto mgongoni.

“Kesho usipande ile mitumbwi,” nikasema.

“Juu ya nini?” akataka sababu.

“Nimesema usipande.”

“Si weye njo ulichora!”

“Njo maana nasema.”

Nikashuka uwanjani karibu nakimbia. Mitumbwi ilikuwa imesimama, inang'aa, mafundi wanapanguza. Nikakaa ndani ya mmoja, nikaachia ncha ya kikwembe changu juu ya ukingo. Ikafika kwenye gurudumu. Haikufika tu, ilikaa juu yake, kama imekaribishwa.

Nikamwita Papa Hamisi aone. Aliangalia, akasema polepole, “Nilikuuliza juu ya bati.”

“Weka sasa.”

“Sasa? Idi ni kesho, Maman. Kukata bati ya mitumbwi yote, kuchomelea... siku mbili, ao tatu. Uende kwa Patroni. Akisema tufunge, miye nafunga.”

Patroni alikuwa anapanga viti vya wageni wakubwa. Nikamweleza. Alinisikiliza, hilo nisimnyime. Halafu akasema, “Maman Zaina, tangu lini unaogopa mchoro yako mwenyewe? Juma nzima mashine inatembea. Bageni nimesha kuita. Andika kibao: SHIKA NGUO YAKO. Bantu banajua kusoma.”

“Wengine hatujui.”

“Weye unajua.”

Hapa nataka msome taratibu. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kukaa ndani ya mtumbwi nikatae kutoka, kikongwe mimi, nani angenibeba? Ningeweza kumwambia Patroni kwamba fundi alitaka bati na mimi nikakataa, kosa ni langu, funga mchezo. Lakini niliona aibu. Wale waliosema mwanamke wa mwaka wa tatu hawezi kazi ya plani walikuwa hawajafa wote. Nikaona jina langu linaanguka mbele ya wageni. Nikachukua brashi, nikaandika kibao. Kwa rangi nyekundu, herufi nzuri sana, Kiswahili juu, Kinyarwanda chini. Kwa uandishi, ni kibao kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika.

Asubuhi ya Idi watu wakaswali, wakala, wakashuka. Nilisimama mahali pa kupandia tangu lango lilipofunguliwa, kiunoni nimefunga kibunda cha zile nyuzi za mifuko ya simenti. Kila mama aliyekuja nilimkunjia nguo, nikamfunga. Walinitania.

“Bibi, unanifunga sawa vile mbuzi ya Idi?”

“Kunja miguu. Leta hiyo ncha.”

“Bwana yangu alininunulia hii nguo bantu baone! Weye unaificha!”

“Ataiona ukirudi nyumbani. Kaa.”

Walicheka, na mimi nikacheka na meno tu. Mtumbwi ukiondoka nahesabu vikwembe kwa macho mpaka urudi. Ukirudi napumua. Halafu wanakaa wengine, naanza kuhesabu upya. Nilijiambia, mzunguko huu ukipita bila kitu, nitaenda kwa Patroni. Ukipita, nasema, mmoja tena. Kila mzunguko uliopita salama ulinifanya niogope zaidi na ninyamaze zaidi. Sijui kama mnaielewa hofu ya namna hiyo. Inakufunga mdomo, siyo mikono.

Zaina alikuja na wenzake, akawaangalia wakipanda. Yeye alibaki chini. Nilimwona amesimama mbali na reli, mtandio ameufunga kiunoni, na moyo wangu ukatulia kidogo. Ulitulia, nawaambia ukweli. Wangu alikuwa chini.

Adhuhuri ikaingia. Nilimwachia zile nyuzi kijana wa tikiti, nikamwambia kila mama amkunjie, amfunge, asimwamini mtu. Nikaenda kutawadha na kuswali nyuma ya banda la vinywaji. Sikukawia. Niliporudi mitumbwi ilikuwa imeshaanza kwenda, na nyuzi zilikuwa zimewekwa juu ya kiti, zimekunjwa vizuri. Kijana aliona haya kugusa nguo za wamama. Aliwaambia kwa mdomo tu, na muziki ulikuwa juu, zile nyimbo za Kilingala zinazotetemesha mpaka maji kwenye chupa.

Mtumbwi wa tatu ulikuwa na mama wa Giheke. Baadaye nilijua anaitwa Maman Neema. Si Mwislamu, alishuka na mawifi zake kuona sikukuu ya majirani. Alikuwa na mtoto mgongoni, na kikwembe cha kubebea kilikuwa cha kijani, kipya, bado kigumu, fundo lake halijakaa. Ncha ilikuwa imetoka, inaning'inia nje ya ukingo.

Alinipita mara ya kwanza. Ncha ilishuka ikagusa gurudumu, ikaruka juu.

Nikapiga kelele. Watu wakanipigia makofi, wakidhani bibi naye anasherehekea.

Papa Hamisi alikuwa kwenye kishikio cha kuzimia moteri, upande wa pili, amenipa mgongo. Nikaanza kukimbia kuzunguka uzio. Mimi na magoti yangu. Alinipita mara ya pili, anacheka, amemshika wifi yake begani, na ncha imekuwa ndefu zaidi, fundo linafunguka. Naita “Hamisi! Hamisi!” na spika zinanijibu. Kijana wa tikiti akaniona uso, akaelewa, akaruka uzio, akampiga Hamisi mgongoni.

Hamisi alivuta. Lakini chuma kinachozunguka hakisimami kwa sababu umekiambia. Mitumbwi ilikwenda nusu duara nyingine, na katika ile nusu gurudumu likashika kikwembe.

Kilimvuta chini na kando. Shingo yake ikagonga ukingo. Mtoto akatokea chini ya kwapa, kichwa mbele, na yule mama akamdaka mguu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili uliingia kati ya mtumbwi na ule mkono wa chuma, na hakuuondoa, kwa sababu ndio uliomzuia asianguke, angeuondoa angemwachia mtoto. Mitumbwi ikasimama. Mtu akazima muziki. Nikamsikia mtoto analia, na sijawahi kupenda sauti kama ile. Muuza mananasi akaleta kisu chake, tukakata kikwembe. Kilikuwa kimejiviringisha kwenye gurudumu mara nne. Lile gurudumu la jua.

Hakufa mtu. Mkono wa mama ulivunjika mahali pawili, shingo ikapata alama. Mtoto hakuwa na kitu ila mchubuko mguuni, alama za vidole vya mama yake.

Wakaja watu wa serikali kuuliza maswali. Patroni akawaonyesha kibao. Wakakisoma, wakaandika kwamba onyo lilikuwepo na nguo ilikuwa ndefu. Hakuna aliyeniuliza mimi jambo. Kibao nilichokiandika kilinitetea, na michoro yangu ikaendelea kusifiwa.

Papa Hamisi alifunika magurudumu yote kwa bati kabla mchezo haujafunguliwa tena. Siku tatu, kama alivyosema. Nilikaa naye nikimshikia bati. Halafu nikachoma watu wangu wanne wa katalogi jikoni, nikarudia muntu wa Mzee Sudi, mnene, asiye na uso, na kila kitu kinachoning'inia. Mchoro ulinichukua tena asubuhi nzima. Patroni alilalamika. Nikamwambia atafute mwingine, na hakutafuta. Mitumbwi ile mpaka leo haionekani kama ya sambaza. Ni masanduku. Watu wanapanda hivyo hivyo, wanafurahi.

Nimeona mnavyofanya kazi. Mnabonyeza, na watu wanatokea wenyewe kwenye kioo, tayari, wametembea kutoka nchi gani sijui. Wembamba, wote na suruali, mmoja na mbwa. Sisemi mrudie mifuko ya simenti, lile vumbi limenipa kikohozi ambacho hakitoki. Nasema kila mnapomweka muntu wa tayari, mna deni la kumvika. Mpeni kikwembe. Mpeni mtoto. Mpeni fimbo, goti bovu, kikapu cha sambaza asichotaka kukiacha chini kwa sababu kitaibiwa. Chukueni bibi zenu muwakalishe juu ya kiti cha jikoni chenye urefu ule ule mliochora, na mwone nguo inafika wapi. Itawachukua muda. Utumieni.

Sasa kuna jambo nililolikwepa tangu nilipoanza kuandika.

Siku ya pili ya Idi nilikwenda kumwona Maman Neema pale alipolazwa. Nilibeba uji na ndizi. Alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa mpaka bega, mtoto mapajani. Mawifi zake walikuwa wametoka kutafuta maji. Nikamsalimu, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha pili, nikamwambia mimi ni nani.

“Banasema ni weye ulichora ile mitumbwi,” akasema.

“Ni miye.”

“Ni mizuri.”

Akamsogeza mtoto. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani tu, “Uko na batoto, Maman?”

“Niko na binti. Zaina.”

“Alikuja ku Idi?”

“Alikuja.”

“Alipanda?”

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshajizoeza tangu jana yake. Lakini alikuwa ananiangalia usoni, na shingoni ile alama ilikuwa bado nyekundu.

“Apana,” nikasema. “Nilimukataza.”

Hakunitukana. Nilingoja anitukane. Nje kulikuwa na mtu anasukuma kitanda cha magurudumu, kinalia, kikapita, kikaenda mpaka mwisho wa ukumbi.

“Basi ulijua,” akasema.

“Nilijua.”

Akageuza uso akaangalia dirisha. Halafu uji ukawa unapoa, na mkono wake mmoja haukutosha kushika kikombe na mtoto pamoja, na hapakuwa na mtu mwingine ndani ya chumba. Akamwinua mtoto kwa ule mkono mzima, akaninyooshea.

Nilimpokea kwa mikono miwili. Nikakunja nguo yake yote ndani, kila ncha, nikamshika mpaka mama yake akamaliza kunywa.